Bukini mzito wa maonyesho: kwa nini anakufa mapema na ufanyeje aishi

Swali: "Habari za kazi dokta. Niko Madale, nina bata bukini wa ile mbegu kubwa ya Toulouse, madume wawili na majike watatu, malengo ni kuwapeleka Nanenane Morogoro. Dume mkubwa, miaka minne, kilo 11 na nusu, mwezi wa pili mchana kama saa nane alianza kuhema mdomo wazi, akalala chini, kufika jioni kafa. Jirani akampasua tukakuta mafuta ya njano yamejaa tumboni na ini limekuwa rangi ya udongo. Nawapa broila finisha asubuhi na jioni wanakula mpaka wanaacha wenyewe, mchana wanapata ugali uliobaki na mikate. Uwanja wote nimeweka pevingi wasichafuke. Sasa dume wa pili anachechemea mguu wa kulia na jike mmoja anakaa kaa tu, hatembei kama wenzake. Aliyeniuzia anasema bukini mwisho wake miaka mitano, nisiwape maji ya kuoga yanaleta magonjwa, na niweke antibayotiki kwenye maji kila wiki. Mimi nataka wawe wakubwa na pia wasife. Nifanyeje?"

Pole sana kaka. Dume la kilo 11 na nusu sio kitu cha kupata kirahisi hapa mjini, najua limekuuma. Na afadhali lilipasuliwa (ingawa mbele huko ntakwambia ufanye nini badala ya kurudia hivyo uani), maana bila hiyo rangi ya ini tungekuwa tunabahatisha tu hapa, huyu anasema mdondo, yule anasema sumu, mwingine anasema jicho la jirani.

Umeniuliza vitu viwili kwa mpigo. Kwanza kilichomuua, pili kama inawezekana bukini awe mkubwa wa kuonyeshwa na bado akaishi. Hili la pili inawezekana kabisa, ila sio kwa njia unayoenda nayo sasa hivi.

Tuanze na hiyo ya miaka mitano. Sio kweli. Bukini ni katika ndege wa kufugwa wanaoishi muda mrefu kuliko karibu wote, akitunzwa vizuri anafika miaka 20 na wengine wanapita, hawa wazito wanapungua kidogo lakini kumi, kumi na tano sio ajabu hata kidogo. Tena hizi mbegu kubwa zinachelewa kukomaa, Toulouse anamaliza kujaza mwili wake mwaka wa pili au wa tatu, kwa hiyo huyo wako wa miaka minne ndio kwanza alikuwa kijana. Aliyekuuzia nadhani hadanganyi makusudi, anasema alichokiona, na alichokiona ni bukini wanaokufa na miaka mitano kwa sababu wanalishwa kama broila. Broila anafugwa wiki tano sita anaenda sokoni, hamna anayejali ini lake litakuwaje mwakani. Bukini wako unataka uwe naye mpaka mwanao amalize chuo.

Sasa ukubwa. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanadhani kilo zinatoka kwenye kiroba cha chakula. Ukubwa wa bukini upo wa aina mbili. Upo ukubwa wa fremu, yaani urefu wa mgongo, upana wa kifua, unene wa mfupa wa mguu, hiyo ngozi inayoning'inia chini ya mdomo, hiyo mikunjo ya tumbo ya Toulouse wa maonyesho. Huo ni wa mbegu, umetoka kwa baba na mama yake, na umejengwa utotoni alipokuwa anakua. Halafu upo ukubwa wa mafuta, na huo ndio unaoongezeka ukimwaga finisha (kile chakula cha kumnenepesha broila kabla ya kuuzwa) kwa bukini mzima. Ukimlisha bukini wa miaka minne mpaka anaacha mwenyewe, fremu yake haiongezeki hata nusu inchi, kinachoongezeka ni mzigo anaoubeba. Viwango vya Marekani kwa Toulouse mkubwa ni kama kilo 12 dume na kilo 9 jike, kwa hiyo kilo 11 na nusu peke yake haitishi, kuna dume angebeba kilo hizo akiwa na afya tele. Linalonitisha ni hayo mafuta ya njano yaliyojaa tumbo. Maana yake fremu yake labda ilikuwa ya kilo tisa na nusu au kumi, zilizobaki ni mafuta.

Na mafuta kwa bukini hayakai kama yanavyokaa kwa kuku. Hawa wa Ulaya wametokana na bukini pori wa kijivu, ndege wa kilo tatu nne hivi, anayesafiri masafa marefu kila mwaka kukimbia baridi. Kabla ya safari anakula kupita kiasi na mwili wake umeumbwa kuweka akiba ya mafuta, sehemu yake kwenye ini. Akiruka, akiba inatumika, ini linarudi kawaida. Wafaransa wa kusini magharibi, huko huko Toulouse ilikotoka mbegu yako, waliijua hiyo tabia zamani wakaifanya biashara, bukini anasukumiwa mahindi kooni kwa wiki mbili tatu na ini lake linavimba mara sita mpaka mara kumi, linauzwa bei mbaya. Bukini wako hajasukumiwa chochote, lakini finisha, ugali na mkate ni wanga mtupu juu ya wanga, na safari yake ndefu kwa siku ni kutoka bandani mpaka kwenye bomba. Ini linajaa kila mwezi na halipati nafasi ya kupunguza. Ini la hivyo linakuwa laini, linapasuka kirahisi na kuvuja damu ndani, na hata lisipopasuka halifanyi kazi yake.

Halafu ukaja mwezi wa pili wa Dar. Ndege hana jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na anapoa kwa njia kuu mbili, kuhema ili unyevu wa kooni uondoke na joto, na kupitisha damu kwenye miguu na nyayo ambazo hazina manyoya. Sasa Januari mpaka Machi huku kwetu nyuzi 32 sio siku ya ajabu, na unyevu hewani ndio unaotumaliza, hewa ikiwa imeshashiba maji kule kuhema hakusaidii sana, anahema anachoka tu. Njia ya pili, miguu, umeiziba kwa pevingi, maana pevingi ya saa nane hata wewe huikanyagi peku. Na juu ya hapo kavaa koti la mafuta ndani ya koti la manyoya. Kwa hiyo nikisoma hadithi yako naona joto ndilo lililomalizia, mafuta yalishamwandaa zamani. Ndio maana wenzake wepesi waliokuwa uwanja ule ule siku ile ile hawakufa.

Ila ngoja, nisikwambie nina uhakika wa asilimia mia. Ini la rangi ya udongo linaweza kuletwa na mafuta, na linaweza kuletwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Hiyo sio habari ya mbali, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye hiyo sumu, na jamii ya bata ni katika wanyama wanaoathirika nayo haraka kuliko kuku. Kwa macho huwezi kutofautisha ini la mafuta na ini la sumukuvu, inabidi maabara. Na vyote viwili vinaweza kukaa kwenye ini moja. Kwa hiyo leo leo kaangalie chakula chako, kiroba kimekaa chini kwenye sakafu au juu ya mbao, kimeingia maji, kuna mabonge, kinanuka uvundo? Kama ndio, kitupe, usikichanganye na kipya, usiwape na kuku. Mkate wenye ukungu vile vile, sijui nani alitufundisha kwamba mkate ukiota ukungu ni wa bata.

Tukija kwa waliobaki, cha kwanza ni chakula, na hapa nakuomba usije ukafanya kwa hasira. Watu wakishaambiwa mnyama wake mnene wanamkatia chakula siku hiyo hiyo. Ukimkatia ghafla ndege ambaye ini lake limejaa, mwili unaanza kuvuta mafuta kwa kasi na yote yanapitia kwenye ini lile lile lililochoka, unaweza kumuua kwa kumpunguza. Nenda taratibu, wiki nne mpaka sita. Acha ugali na mkate kabisa kuanzia kesho, hivyo vitoke moja kwa moja. Finisha ipunguze kidogo kidogo huku ukiingiza chakula chepesi zaidi, mchanganyiko wa pumba za ngano, mahindi kidogo yaliyoparazwa, mashudu ya alizeti kidogo na dagaa kidogo, protini iwe kama asilimia 15. Mwishoni bukini mzima asiyetaga awe anapata kama gramu 150 mpaka 200 kwa siku, asubuhi na mapema na jioni jua likipoa, mchana hapana, kwa sababu kusaga chakula kunazalisha joto na mchana joto analo la kutosha.

Kinachobaki cha siku yake kiwe majani. Bukini ni mla majani, ukimwangalia mdomo wake una meno meno pembeni ya kukatia nyasi, na chakula kinapita tumboni mwake haraka, ndani ya saa mbili hivi, ndio maana yeye raha yake ni kudonoa siku nzima. Ukoka mfupi ndio bora, ule laini wa vidole vichache, mrefu uliokomaa anaumeza mzima unakwenda kujifunga kwenye koo. Huna ukoka Madale kwenye kiwanja chenye pevingi, najua. Kata kwa mtu mwenye bustani (hakikisha hajapulizia dawa), au nunua mchicha, matembele, kabichi za nje zile ambazo wauzaji wanatupa pale sokoni saa za jioni, wanakupa kiroba kwa hela ndogo. Katakata. Usiwape majani mabichi ya mihogo, yana sumu, kisamvu ni cha kupika. Maparachichi usiwape kabisa, wala maganda wala kokwa, ni sumu kwa ndege, na mabaki yenye mchuzi na chumvi yaache. Weka na bakuli la changarawe ndogo, maana bila hiyo firigisi haisagi.

Uzito upime, usikadirie kwa macho, kwa sababu Toulouse kwa manyoya yake anadanganya. Mtie kwenye kiroba kichwa kikiwa nje, mtundike kwenye mzani wa kuning'iniza, mara moja kwa mwezi, andika. Halafu weka kiganja kifuani, mfupa wa kifua unatakiwa uusikie chini ya nyama bila kuukandamiza, kama unazama kwenye kitu laini huyo bado mnene, kama umechongoka umepitiliza kumpunguza. Ile mikunjo miwili chini ya tumbo ni ya mbegu, usitegemee itaondoka, ila isiwe inaburuza chini na kuchubuka. Na ukimbeba usimshike miguu kama kuku wa sokoni hata siku moja, hawa wazito mguu unatenguka kirahisi, shika mabawa kwa kukumbatia, mwili chini ya kwapa, uzito wake uwe juu ya mkono wako.

Pevingi. Hapa ndipo penye mguu wa dume wako, naweka dau kubwa. Ndege wa kilo kumi anasimama kwenye unyayo mdogo juu ya kitu kigumu siku nzima, ngozi ya chini inaota sugu, sugu inapasuka, bakteria wa kawaida tu wanaokaa kwenye ngozi wanaingia, unyayo unavimba na ndani kunakuwa na usaha mgumu, hautoki kwa kuminywa. Mpindue leo umwangalie unyayo. Ukikuta sugu kavu bila uvimbe, au kidonda kidogo cheusi katikati, bado mapema: mwondoe kwenye pevingi, mweke kwenye maranda makavu yenye kina cha kutosha au mchanga wa mto, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika kumi kila siku, kausha, na uzito upungue. Wengi wanapona hivyo bila dawa yoyote. Ukikuta umevimba, una joto, au uvimbe umepanda mpaka kwenye kifundo, hapo acha, usichukue wembe. Huyo anahitaji daktari amfungue kwa usafi, kwa sababu usaha ule ukifika kwenye jointi au kwenye damu unakwenda mpaka kwenye moyo. Na kama unyayo ni safi kabisa na bado anachechemea, nenda kwa daktari pia, maana figo za ndege zimekaa kwenye mifupa ya nyonga na mshipa wa fahamu wa mguu unapita humo humo, figo ikivimba anachechemea mguu wakati tatizo liko ndani.

Najua pevingi umelipia. Sio lazima uing'oe yote, ng'oa nusu, ile yenye kivuli cha mwembe au ya upande wa ukuta, uweke mchanga na maranda, ile nusu nyingine iwe ya kupita. Kama hamna mti tundika neti ya kivuli, usitundike turubai la plastiki karibu na vichwa vyao maana linageuka oveni. Halafu okota misumari, vipande vya waya, vioo na chochote kinachometa, mafundi wakishapita kwenye kiwanja wanaacha vitu na bukini anapenda kumeza kinachong'aa, misumari inatoboa firigisi, vipande vya betri chakavu vinampa sumu ya madini ya risasi.

Maji sasa. Ushauri kwamba maji ya kuoga yanaleta magonjwa una ukweli nusu. Maji machafu yaliyosimama ndiyo yanaleta, dimbwi lenye mizoga na funza linaweza kuleta sumu inayolegeza shingo, unamkuta bukini kainamisha kichwa chini hawezi kukiinua. Maji safi ni dawa. Anahitaji maji yenye kina cha kuzamisha kichwa kizima, asafishe macho na matundu ya pua, la sivyo yanaziba. Anahitaji maji ya kusimama, ndiyo yatakayompoza kupitia miguu ile niliyokwambia, na yanampumzisha nyayo maana akielea uzito wote unabebwa na maji. Na hawa wazito wanapandana vizuri zaidi kwenye maji, nchi kavu dume la kilo kumi linamuumiza jike mgongo na mayai mengi yanatoka hayana mbegu. Sio lazima bwawa la kuogelea bwana, jenga kijibeseni cha saruji cha futi mbili kwenda chini, chenye ngazi pana au mteremko wenye ukwaru ili asiruke, na tundu la kutolea maji. Mwezi wa kwanza mpaka wa tatu badilisha kila siku au siku mbili. Bili itapanda, ndio, lakini yale maji yaelekeze kwenye migomba, hutaamini mikungu utakayokata. Kama unatumia kisima na maji yana chumvi, watu wazima wanavumilia kiasi, vifaranga hawavumilii, wape ya bomba.

Antibayotiki ya kila wiki acha. Haimkingi na kitu. Mafuta kwenye ini sio bakteria, joto sio bakteria, na wale bakteria wa unyayo unawafundisha kuizoea dawa, siku ukiihitaji kweli haifanyi kazi. Kuhusu chanjo, bukini mara nyingi haugui mdondo kama kuku, ila anaweza kuubeba akawapelekea kuku wako na wa jirani, kwa hiyo kama una kuku zungumza na daktari wako muwachanje pamoja kwa ratiba yake. Minyoo ndiyo ya kuogopa zaidi, kuna mnyoo mwembamba anayekaa chini ya ngozi ngumu ya firigisi ya bukini, anawakondesha na kuua wadogo, unaenea sana pale wanapodonoa sehemu ile ile yenye unyevu kila siku, hasa masika. Peleka kinyesi kikapimwe kabla ya kununua dawa, maana dawa ya minyoo ya kuku uliyozoea kuchanganya kwenye maji inaweza isimguse huyo.

Jike anayekaa kaa ananipa wasiwasi kuliko dume, nikwambie ukweli. Jike mnene anayetaga anaweza kuwa na yai limekwama, mafuta yamebana njia na misuli haina kalisiamu ya kusukuma. Kama anajikaza, mkia unapanda na kushuka, tumbo la nyuma limejaa, au kuna kitu chekundu kimetokeza nyuma, hiyo ni ya leo, sio ya kesho, na usimminye tumbo, yai likipasukia ndani umempoteza. Kama hamna dalili hizo na anakula, mtenge kwenye maranda na kivuli, mpe konokono iliyosagwa (yale maganda ya kuongeza kalisiamu) kwenye chombo chake pembeni ajichukulie mwenyewe, muangalie siku mbili. Konokono weka pembeni, usiwape wote chakula cha kuku wa mayai mwaka mzima, kile kina kalisiamu nyingi mno kwa madume na kwa wadogo, inawaharibia figo. Na usishangae wakitaga bila mpangilio, mbegu hii huko kwao inaanza kutaga siku zikirefuka baada ya baridi, na kwetu mchana wa Juni na wa Desemba haupishani hata saa moja, mwili wake hauna saa ya kufuata.

Mkipata vifaranga usiwalee kwa finisha. Wiki nne za mwanzo wape chakula cha protini asilimia 20 hivi, na kisiwe mahindi matupu, wanahitaji vitamini B3 nyingi kuliko vifaranga wa kuku na ile ya kwenye mahindi hawaipati vizuri, miguu inapinda. Hamira ya bia ya unga au dagaa safi na pumba za ngano zinasaidia. Baada ya wiki nne shusha mpaka asilimia 15 na majani kwa wingi. Ukiwaharakisha hapo, yale manyoya makubwa ya bawa yanaota mazito yamejaa damu kabla kifundo hakijakaza, bawa linageukia nje, na kwa maonyesho huyo amekwisha. Ukiwahi siku za mwanzo mwanzo unalikunja na kulifunga kwa plasta siku chache linarudi, ukichelewa halirudi. Angalia pia kama chakula cha vifaranga kina dawa ya koksidia (vijidudu vya utumbo vinavyoharisha) ndani, bukini mdogo anakula kingi kuliko kifaranga wa kuku, anazidisha dozi bila wewe kujua.

Na Nanenane? Nenda nao, mwezi wa nane ni wa baridi kiasi, sio mbaya. Ila huyo anayechechemea abaki nyumbani, hata ungekuwa hujali maumivu yake, ndege anayechechemea hapendezi machoni pa mtu. Bukini wa maonyesho anaangaliwa fremu, msimamo, manyoya masafi yaliyokaza, macho maangavu na nyayo safi, na hivyo vyote vinatoka kwenye majani na maji. Ukitaka kumjaza kidogo, ongeza chakula wiki tatu nne kabla, robo zaidi, halafu mkirudi shusha tena. Hiyo mwili unaimudu. Kujaza miezi kumi na miwili ndio hauimudu. Safiri usiku, kila mmoja kwenye boksi lake lenye majani makavu na matundu, tumbo lisijae, maji wapate Chalinze. Mkirudi wasichanganywe na wenzao kwa wiki tatu, kwenye maonyesho kuna ndege wa kila mahali na mafua ya ndege bukini anaugua vizuri tu.

Kwa hiyo wiki hii dume na jike waonwe ana kwa ana na daktari wa mifugo, mimi kwa maandishi siwezi kupapasa tumbo. Na siku yoyote ukiona bukini anahema mdomo wazi asubuhi na kivuli kipo, hajala siku nzima, shingo imelegea, au wawili wamekufa ndani ya siku chache, usingoje, mpigie afisa mifugo wa kata. Akifa mwingine usimpasue nyumbani na msimle, vaa glovu, mfunge kwenye mifuko miwili, mweke kwenye barafu sio kwenye friza, na siku hiyo hiyo au kesho yake mpeleke Wakala wa Maabara ya Veterinari pale Temeke pamoja na kilo moja ya chakula mnachotumia. Hapo ndipo mtajua kama ni mafuta au sumukuvu, na kama ni sumukuvu wanakuokolea na kuku wako.

Mwisho, najua unawaza kununua dume lingine kuziba pengo. Subiri mpaka uwanja uwe tayari, na ununue kipindi cha baridi, Juni Julai, sio Desemba. Na fikiria kwa uaminifu kama kiwanja chako na joto la Dar vinamfaa Toulouse wa kilo 12, maana bukini wa Kichina, yule mwembamba mwenye fundo juu ya mdomo, dume lake kilo tano na kitu tu, anahimili hali yetu vizuri zaidi na kwa ulinzi anapiga kelele kuliko hawa. Kama moyo umekwama kwa Toulouse sikulaumu, ni ndege wa kupendeza sana, ila basi chagua kwa kuwaangalia wazazi wake: muulize muuzaji baba yake yuko wapi na ana miaka mingapi, na kama anasema baba alishakufa na miaka minne, mitano, hilo dume mwachie.